Timu Niliyoipandisha na Kuishusha

Siku niliyokabidhiwa timu, nahodha alikuwa amekaa juu ya mpira. Mwenyekiti alipoingiza gari lake hadi pembeni ya uwanja wa mazoezi, wachezaji wengine walisimama. Yeye alibaki amekaa, akijifunga bandeji kwenye kifundo cha mguu, taratibu, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Kocha wetu alikuwa ameondoka katikati ya msimu bila kuaga. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa mazoezi ya viungo. Asubuhi nilifundisha shule ya sekondari kule Ilemela, jioni nilikimbiza wanaume kuzunguka uwanja. Nilikuwa nimecheza mpira mwenyewe, winga wa kulia, mpaka timu yetu ya wanawake ilipovunjika. Nilikuwa na cheti cha ukocha pia, lakini mwenyekiti hakunichagua kwa sababu ya cheti. Alinichagua kwa kuwa siku ile hakuwa na mtu mwingine karibu.

"Madam atatushikia timu mpaka tupate kocha," aliwaambia.

Nahodha hakuinua kichwa. "Mwenyekiti, kwani tumeshakuwa timu ya netiboli?"

Wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka. Nilisubiri wamalize, nikapuliza filimbi, nikawaambia wakimbie. Wote walikimbia isipokuwa yeye. Alikuwa beki wa kati, mrefu, amewahi kuchezea timu kubwa za Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani Mwanza, na hakuna mtu pale aliyethubutu kumgusa. Nilimwambia asipokimbia hachezi Jumamosi.

"Haya, madam," alisema. Akaendelea kujifunga bandeji.

Jumamosi sikumpanga. Tulifungwa.

Sijasahau jukwaa la siku ile. Kuna watu wazima, wenye wake na binti zao, waliosimama nyuma ya benchi langu tangu dakika za mwanzo hadi mwisho kazi yao ikiwa moja tu, kunitukana. "Kasonge ugali!" "Katafute mume kwanza!" Mmoja alinirushia chupa ambayo haikuwa na maji ya kunywa, ikanipata begani na kunilowesha. Nilipogeuka, nilimwona nahodha amekaa kwenye jukwaa hilohilo na nguo zake za nyumbani, anatabasamu. Alikuwa amewaona wakifanya hivyo. Alikuwa nahodha wao, angeinua mkono wangenyamaza.

Kesho yake mwenyekiti aliniita dukani kwake, Nyamagana. Hakunikaribisha kiti.

"Mrudishe nahodha," alisema.

"Hataki kufanya mazoezi."

"Madam, watu wanakuja uwanjani kumwona yeye. Hakuna anayekuja kukuona wewe."

Nilimrudisha, lakini si kwa sababu ya maneno hayo. Nilimrudisha kwa sababu beki niliyemweka badala yake alikuwa akikwepa mipira ya juu. Nahodha nilimchukia, ila macho yangu hayakuwa na kasoro. Hakukuwa na beki bora kuliko yeye Kanda ya Ziwa nzima.

Tangu siku hiyo hatukuzungumza. Si kwamba tulizungumza kidogo, hatukuzungumza kabisa. Nilimtumia kipa, mtu mpole aliyekuwa mkubwa kuliko wote kikosini. Nahodha akiwa amesimama mbele yangu, karibu kiasi cha kuhisi joto lake, nilikuwa namwambia kipa, "Mwambie nahodha asogee mbele, asiwasubiri kwenye boksi." Kipa aligeuka, akarudia maneno hayohayo, na nahodha akamjibu, "Mwambie madam nimesikia." Maskini yule kipa. Siku moja alikuja kuniomba nimtafutie mtu mwingine wa kazi hiyo. Nilimkatalia.

Lakini tulianza kushinda. Nilitaka mabeki wasogee juu, waibane timu pinzani kwenye nusu yake, na hilo haliwezekani bila beki anayejua ni lini apande na ni lini arudi. Nahodha alijua. Nilipokuwa nafikiria jambo, nilimwona analifanya kabla kipa hajafungua mdomo. Watu wanaofikiri kwamba timu ni familia hawajawahi kukaa kwenye benchi letu. Yeye alicheza vizuri ili ionekane kwamba timu haikuwa na haja na mimi. Mimi nilimpanga vizuri ili ionekane kwamba yeye ni mchezaji tu kama wengine. Kwa chuki ya namna hiyo tulipanda msimamo wa ligi wiki baada ya wiki, na wale wa nyuma ya benchi wakahamia upande wa pili wa jukwaa, kimya, bila mmoja wao kuniomba radhi.

Mechi ya kupanda ligi kuu tulicheza nyumbani, mvua ikinyesha kutoka ziwani kiasi kwamba chaki za mistari zilifutika. Nahodha alifunga kwa kichwa, kona iliyopigwa kama tulivyoifanyia mazoezi. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu waliingia uwanjani kama maji. Wakambeba mwenyekiti mabegani. Wakambeba nahodha. Mimi walinipita. Mtu mmoja alinikanyaga mguu, akasema "Samahani mama," akaendelea kukimbia.

Jioni ile nilimsikia nahodha redioni. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mwenyekiti, akawashukuru mashabiki, akasema wachezaji walijituma sana katika mazingira magumu. Mazingira magumu nilikuwa mimi.

Sherehe ilifanyika mchana wa Jumapili, kwenye hoteli moja ufukweni. Palikuwa na hema, muziki, na sangara wa kukaanga wa kutosha mji mzima. Nilivaa gauni jipya. Mama yangu, niliyekuwa naishi naye Kiseke, alilitazama gauni hilo kabla sijatoka, akasema kwa Kisukuma kwamba ninavaa kama mtu anayekwenda kuposwa. Hakuwahi kuipenda kazi yangu. Nilimwambia, "Mayu, leo watanitaja."

Mwenyekiti alipanda jukwaani, akazungumza kirefu juu ya mafanikio. Alitaja mafanikio yake katika biashara, mafanikio ya baba yake, mafanikio ya mkoa. Kisha akasema klabu inayoingia ligi kuu inahitaji mtu mwenye hadhi ya ligi kuu. Mwanamume aliyevaa suti akainuka kwenye meza ya mbele na kupunga mkono. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama na sahani mkononi, na nilihitaji muda kuelewa kwamba yule ni kocha mpya.

Nilimfuata mwenyekiti alipokuwa anashuka.

"Ungeniambia," nilisema.

Alinishika bega lilelile lililopigwa na chupa. Yeye hakujua, bila shaka. "Madam, umefanikiwa. Si ndiyo? Sasa pumzika."

Nahodha alikuwa karibu, ana glasi ya soda. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alinisemesha moja kwa moja. "Sisi tuliambiwa mwezi uliopita," alisema. "Tulidhani unajua."

Hawakudhani hivyo hata kidogo. Nilimtazama usoni nikaona furaha, ndogo na safi, ya mtu aliyeshinda. Niliweka sahani juu ya meza ya watu nisiowajua, nikaondoka.

Nyumbani mama hakuuliza. Aliona nilivyovua viatu, akaniwekea uji mezani na kusema, "Si nilikuambia." Ndiyo faraja niliyoipata.

Timu iliyonichukua baada ya hapo ilikuwa ng'ambo, wilaya ya Sengerema, timu ya madaraja ya chini yenye uwanja ambao ng'ombe walikuwa na haki nao kuliko sisi. Nilikuwa navuka na kivuko hadi Kamanga, mwisho wa juma na siku nyingine baada ya vipindi vya shule, misimu kadhaa. Sitadai kwamba nilikwenda kwa sababu naupenda mpira. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira iliniamsha mapema kuliko upendo ulivyowahi kuniamsha. Wachezaji wa kule waliniita "kocha" tangu siku ya kwanza. Sikuwalea kama mama. Niliwakimbiza mpaka wakatapika. Tukapanda daraja, tukapanda tena.

Klabu yangu ya zamani ilikuwa inakuja upande wa pili wa ngazi hiyohiyo. Mwanamume wa suti hakumaliza msimu. Waliofuata hawakumaliza pia. Wakashuka kutoka ligi kuu, na wakaendelea kuyumba, hadi tukakutana kwenye ligi moja. Mechi ya mwisho wa msimu ikapangwa kwao, Mwanza. Sisi tulikuwa katikati ya msimamo, hatuna cha kupata wala cha kupoteza. Wao walihitaji sare tu ili wasishuke tena.

Mwenyekiti alinipigia simu siku moja kabla ya mechi. Sauti ilikuwa ya asali.

"Kocha," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Ninyi mko salama. Mchezo huu hauna maana kwenu."

"Una maana kwangu," nilimjibu, nikakata.

Nahodha alikuwa bado anacheza. Umri ulikuwa umemfikia na goti la kushoto halikuwa lake tena. Jukwaani hakuna aliyeona, kwa sababu alijua kujipanga, alijificha ndani ya akili yake. Mimi niliona, kwa kuwa nilikuwa nimemtazama yule mtu kuliko mama yake alivyowahi kumtazama. Akigeukia kushoto alichelewa kidogo. Niliwaambia wachezaji wangu mipira yote ipigwe nyuma yake, upande ule, na nikampa straika wangu mwenye mbio kazi hiyo moja: mgeuze, akisimama, mgeuze tena.

Ilikuwa mbaya kuitazama. Niliitazama yote. Kipindi cha kwanza alikuwa bado anafika, akivuta jezi, akiomba faulo kwa refa. Cha pili alikuwa hafiki. Mashabiki wake mwenyewe wakaanza kumzomea, watu walewale, sauti zilezile, na mmoja wao akampigia kelele aende akasonge ugali. Mwisho mwisho straika wangu alimpita, nahodha akamwangusha ndani ya boksi kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Penalti. Tukafunga, moja bila, na wakashuka daraja.

Alinijia wakati wachezaji wangu wanakusanya mipira. Alikuwa anachechemea. Hapakuwa na kipa katikati yetu.

"Ulijua goti langu," alisema.

"Nilijua."

"Hamkuwa mnahitaji ushindi. Kuna vijana mle ndani wanalia. Hawakukukosea chochote."

"Ni kweli," nilisema.

"Umefurahi?"

"Sana."

Alisubiri, labda akidhani nitaongeza neno. Kisha alitema mate chini, si karibu na mguu wangu, lakini si mbali, akaenda zake. Mtangazaji wa redio alikuwa amesimama jirani, amesikia. Akaninyooshea kinasa sauti na kuniuliza, katika miaka yangu ya ukocha, mafanikio yangu makubwa ni yapi. Alitarajia nitaje ile siku ya mvua.

"Leo," nilimwambia.

Wakairusha. Walimu wenzangu shuleni walisema nilipaswa kujizuia. Mchungaji wetu alihubiri juu ya kisasi bila kunitaja, huku akitazama benchi langu. Watu wameniambia kwamba raha ya namna ile haidumu, kwamba baada ya muda mtu hubaki mtupu. Nimeisubiri siku hiyo ya kubaki mtupu. Haijafika. Nikiwa na siku mbaya darasani, au timu yangu ikifungwa na watu wa Sengerema wakanitukana kwa zamu yao, huwa nakumbuka nahodha akigeukia kushoto, na mwili wangu unapata joto. Mwenye kutaka kuniita mtu mbaya aniite. Mwenyekiti alifikiri mafanikio ni kitu cha kunipokonya mkononi na kumkabidhi mtu mwenye suti. Hiki cha siku ile hakuna aliyekiomba, wala hakuna wa kunipokonya.

Wiki moja baada ya mechi ile nilikuwa kwenye kivuko, navuka kwenda mazoezini. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alikuwa amekaa kwenye benchi, pembeni yake pana nafasi. Nilimsalimia, shikamoo, kwa kuwa alinizidi umri. Aliitikia marahaba, kisha akanitazama vizuri.

"Wewe si ndiye uliyetushushia timu?"

"Ndiye mimi, mama."

Aliinua ndoo yake kutoka sakafuni, akaiweka kwenye ile nafasi, akageuza uso kuelekea majini. Nilisimama hadi Kamanga.