Bahari Iwe Mkono wa Kulia

Hapa Yuanlin hakuna mtu aliyekizunguka kisiwa cha Taiwan mara nyingi kama Kang Te-sheng, na mara zote amekizunguka akiwa amekaa kwenye meza yangu namba tatu. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akija saa moja asubuhi, anaagiza maziwa ya soya ya moto na chapati moja ya mayai, halafu anatandaza ramani inayofunika meza nzima ya watu wanne. Wateja wengine hula wamesimama. Yeye huinamia kona za barabara, akizifuata moja moja kwa ncha ya kijiti cha kulia chakula, na ukipitisha sahani karibu naye anakuambia uangalie usije ukamwaga mchuzi juu ya Hualien.

Mimi ni mjane, nauza kifungua kinywa, watu wananiita Dada Chun, na kwa kawaida sina subira na watu wa namna hii. Ila mkewe ni rafiki yangu, ndiyo maana sijawahi kumfukuza.

Kang alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi mpaka alipostaafu. Wenzake walikwenda kupima mashamba wakarudi na matope mpaka magotini. Yeye alikuwa mtu wa ndani, wa rula na penseli iliyochongwa vizuri. Miaka thelathini na mmoja iliyopita alikwenda mashariki, Donghe, kumposa Lu Pao-kui. Kwao Pao-kui ni pale barabara namba kumi na moja inapopita katikati ya milima na bahari, na wazazi wake walikuwa na kibanda cha kuuza matunda ya topetope kando ya lami. Alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akimsimamisha mbele kwenye pikipiki, wakienda kuuza matunda mjini, upepo wa bahari ukimpiga shavuni. Hilo ndilo jambo analolisimulia kila akipata nafasi. Lingine lolote kuhusu utoto wake itabidi umbane.

Kulikuwa na mposaji mwingine, muuza samaki mwenye lori. Kang hakuwa na lori. Alikuwa na mdomo. Aliketi mbele ya wazee, akaomba karatasi, akaichora pwani nzima ya mashariki kwa kichwa tu, kila daraja na kila rasi, akaahidi kwamba kila baada ya mwaka mmoja atamrudisha binti kwao kwa pikipiki, kwa njia hiyohiyo, bahari ikiwa mkono wa kulia mwanzo mpaka mwisho. Mama wa Pao-kui akacheka, akasema kijana huyu anaijua barabara yetu kuliko sisi wenyewe. Basi Pao-kui akachagua mchoro. Lori la yule muuza samaki, nasikia, bado linatembea.

Tangu siku hiyo Pao-kui amekwenda kwao kwa treni, kwa mazishi ya baba yake na kwa baadhi ya sikukuu za mwaka mpya, dirishani upande wa milima, kwa sababu tiketi za upande wa bahari huisha mapema. Pikipiki haijavuka hata mto Zhuoshui, ambao ukitoka hapa unaufikia kabla chapati haijapoa.

Sababu hazikukosekana. Mwaka wa kwanza mke ana mimba. Miaka iliyofuata mtoto mdogo, mtoto anaanza shule, mtoto ana mitihani. Mtoto huyo, Yuting, alipomaliza chuo akaenda kufanya kazi Taipei, sababu zikahamia angani: mwezi wa sita mvua, wa saba kimbunga, wa nane ni mwezi wa mizimu na mtu mwenye akili hasogelei bahari, wa kumi upepo wa kaskazini, baridi inaingia. Nilipiga hesabu nikaona kwamba katika mwaka wa Kang siku inayofaa kusafiri ni moja, na siku hiyo huwa ana goti linalouma. Wahenga wanasema mipango si matumizi. Huyu hata matumizi aliyafanya: jaketi lenye mifupa ya plastiki mgongoni, makoti mawili ya mvua, kishikio cha simu, plagi za akiba, tyubu za akiba. Pikipiki yenyewe, ya gia, nyeusi, hulala chini ya turubai, na kila Jumamosi huiwasha dakika kumi uchochoroni, anaisikiliza, anatikisa kichwa kama daktari, anaizima. Imeoga mara nyingi kuliko mimi.

Kilichonikera zaidi ni dharau yake kwa wanaokwenda. Mwaka juzi walipita hapa wanafunzi wanne, wana skuta mbili kuukuu, miguuni ndala, begi limefungwa kwa kamba ya nguo. Kang aliwashika nusu saa akiwahubiria. Walimsikiliza kwa adabu, wakala, wakaondoka. Baada ya siku nane wakarudi wameungua pua, wanacheka hovyo, wakaniletea pakiti ya samaki wakavu. Kang akawauliza walizunguka kwa upande gani. Walikuwa wameanzia kaskazini kushuka kusini. Alifurahi mno. Akawaeleza kwamba kwa kuwa sisi tunaendesha kulia, mtu mwenye akili huanzia kusini akapanda kaskazini, bahari inakuwa ubavuni kwake, hakuna gari hata moja linalokatiza kati yake na maji. Wao walikuwa wameitazama bahari ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hawakuiona sawasawa. Mmoja wao, msichana, akamwuliza, "Wewe mzee uliiona mwaka gani?"

Kang akakunja ramani yake, akasema vijana wa siku hizi hawana malezi.

Basi mwaka huu, mwezi wa tisa, kaka yake Pao-kui alipiga simu kutoka Taoyuan. Mama yao amefikisha miaka tisini, hawezi tena kuachwa peke yake. Mwishoni mwa mwezi wa kumi atamchukua akaishi naye ghorofa ya kumi na moja. Kibanda kitavunjwa, nyumba itafungwa. Na mama amesema neno moja tu: kabla hajaondoka anataka kumwona binti yake akija kwa ile barabara, kama alivyoahidiwa.

Pao-kui alikuja dukani asubuhi ileile, akasimama mbele ya meza namba tatu. Si mwanamke wa makelele. Alimwambia mumewe habari yote, kisha akasema, "Baba Yuting, mwaka huu sikuombi. Nakuuliza tu: twende au hatuendi?"

Watu wazima hujibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Kang alifuta mdomo, akasema jambo zito kama hili haliwezi kuamuliwa mezani, sharti akamwulize Mama Mazu. Sikumlaumu kwa hilo. Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari, ndiye mlinzi wa wasafiri, nasi hapa hatuhami nyumba wala hatuozeshi bila kumwuliza. Nilifunga duka saa sita nikafuatana nao, nikiwa na matumaini, Mungu anisamehe ujinga wangu.

Hekaluni kuna vile vipande viwili vya mbao nyekundu, kila kimoja kama robo ya mwezi, upande mmoja bapa na mwingine una mgongo. Unapiga magoti, unasema jina lako na unapokaa, unauliza swali lako, unavirusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mgongo juu, Mama amekubali. Vyote bapa juu, anakucheka. Vyote mgongo juu, amekataa. Kwa mambo makubwa unataka kukubaliwa mara tatu mfululizo, na hilo si rahisi. Mimi nilipouliza kama niolewe tena nilirusha mpaka mkono ukauma.

Kang aliwasha ubani, akapiga magoti, akajitambulisha, akaeleza safari yote: tarehe, barabara, vituo vya mafuta, nyumba za wageni, mpaka saa ya kufika kila rasi. Nilidhani Mama atasinzia. Kisha akarusha.

Amekubali. Akarusha tena. Amekubali. Akarusha mara ya tatu, na vile vipande vikazunguka sakafuni, kimoja kikatulia bapa, kingine kikayumba, kikayumba, kikalala na mgongo juu. Amekubali mara tatu. Pao-kui, aliyekuwa amepiga magoti nyuma yake, alifunika uso kwa mikono miwili, akalia. Mimi pia machozi yalinilenga, sioni haya kusema.

Kang hakuinuka. Aliviokota vile vipande, akavitazama kama risiti yenye kosa. Akasema taratibu kwamba pengine hakueleza vizuri habari ya pikipiki, kwamba mnyororo una miaka kadhaa. Akarusha. Vyote bapa. Mama alikuwa anamcheka, na ingekuwa mimi ndiye Mama ningemtemea mate. Akasema pengine alikosea tarehe. Akarusha tena.

Vyote mgongo juu.

Nilikuwa nimesimama pembeni, niliuona uso wake. Nimewaona watu wakikataliwa pale. Wengine hulia, wengine hubishana. Yeye alishusha pumzi ndefu, paji la uso likamlegea, akawa kama mtoto aliyeambiwa leo shule imefungwa. Ile ilikuwa ahueni. Miaka yote hii nilidhani mtu huyu ni mzembe, au mwoga wa lami. Kumbe hakutaka kabisa kwenda. Alitaka kuwa mtu anayejiandaa kwenda.

Bibi mmoja anayefagia hekalu alikuwa ameona kila kitu. Aliegemea ufagio wake akamwambia, "Ukipewa tatu unashukuru, unaondoka. Hujaja kumwuliza wewe, umekuja kumchosha."

"Mama amekataa," Kang alisema, akijipangusa magoti. "Nani kati yetu atabishana na Mama?" Akamwinamia sanamu, akatoka nje kutafuta viatu vyake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wao hawakumwona Kang.

Pao-kui alibaki. Aliviokota vipande, akavirudisha mahali pake, akawasha vijiti vitatu vya ubani, akainama mara tatu kushukuru. Nilimwuliza anashukuru nini. Akasema, "Dada Chun, Mama alikubali safari mara tatu. Mimi na wewe tulisikia. Yaliyofuata yalikuwa maswali ya Baba Yuting, wamalizane wenyewe."

Kesho yake alikuja sijafungua hata nusu ya mlango. Alikuwa kwenye skuta yake ya sokoni, ile yenye ndoano mbele ya kuning'inizia kabichi. Kwenye ndoano kuna mfuko wa nguo, na mwilini amevaa lile jaketi la mumewe lenye mifupa ya plastiki, mikono imempita vidole. Nilimfungia chapati nne za mayai. Nilitaka kumwambia angoje, apumzike, ampigie kaka yake kwanza, na nikajisikia nikianza kunuka Kang, nikamkabidhi chapati zake.

"Niambie jambo moja," alisema akifunga helmeti. "Nikishafika kule, nitajuaje sijapotea?"

"Bahari iwe mkono wa kulia," nikamjibu. Nilikuwa nimelisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, hatimaye limefaa.

Kang alikuja saa moja kamili, na ramani yake. Nilimpa habari. Akasema haiwezekani, skuta ile haijabadilishwa oili, hajui pa kukata kona Fengkang, hajaagiza chumba, mwezi wa kumi umekaribia na upepo unabadilika. Akatandaza ramani, akaanza kumsogeza mkewe kwa kizibo cha chupa. Sasa yuko Pingtung, alisema. Sasa amechelewa. Siku nzima alikaa pale akimchelewesha.

Siku ya pili, saa nane mchana, simu ilitoa mlio wa ujumbe. Haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Pao-kui alikuwa ametuma picha: mama yake, bibi kizee mwenye kofia ya ukili, amekaa kwenye kiti cha skuta kama malkia, mikono yote miwili ameshika usukani, miguuni kikapu cha topetope, na nyuma yake bahari yote ya mashariki, ya buluu mpaka inaudhi. Sijawahi kufika kule. Nina miaka hamsini na tisa na duka la chapati. Niliitazama muda mrefu kabla ya kumpelekea Kang.

Aliikuza kwa vidole viwili. Aliangalia matairi. Akasema kwamba ameegesha vibaya, na kwamba kwa picha angetakiwa kwenda mbele kilomita mbili, kwenye daraja la zamani, ambako mwanga wa saa nane ni mzuri zaidi.

Chini ya picha kulikuwa na maneno. Aliyasoma kwa sauti kabla hajajua ni nini, kama watu wanavyosoma mabango. "Mama ameniuliza dereva yuko wapi. Nimemwambia bado anauliza njia."

Aliiweka simu juu ya ramani, polepole, kati ya Taitung na Hualien. Midomo ilimchezacheza, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimjue haikutoka sababu yoyote. Nilikaribia kumwonea huruma. Kisha nikaukumbuka uso wake pale hekaluni, nikamwomba akunje karatasi yake kwa sababu kuna wateja wamesimama, nikarudi jikoni kugeuza chapati.