Sponji na Damu ya Wifi

Wateja walimwita Sponji, na mwenyewe hakuona ubaya. Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati unaotazama barabara, na ndani mlijaa mabunda ya vitambaa, springi zilizopinda, na daima kochi moja lililolazwa chali, miguu juu, likisubiri kuchunwa. Sponji alipiga stepla huku akipiga soga, na kote kuwili hakukosa shabaha.

Ila kila mwezi, siku zake zilipokaribia, soga ilikauka. Maumivu yalianzia chini ya kitovu, yakazunguka kiunoni, yakamshuka mapajani mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Hapo alichagua kochi la mteja lililokwisha kushonwa, akajilaza kifudifudi, uso ndani ya mto.

"Fundi, vipi?" mteja akiuliza.

"Nalijaribu," Sponji alijibu kwa sauti iliyotoka ndani ya mto. "Kochi halijaribiwi kwa macho."

Mteja mmoja alisubiri mpaka akachoka, akaondoka akisimulia mtaa mzima kwamba hajapata kuona fundi mwenye umakini kama yule.

Alikwisha kuzunguka zahanati nyingi. Alipigwa picha za tumbo, ikasemekana hakuna kitu. Daktari mmoja akampa vidonge vya maumivu, akamgongagonga begani na kumwambia, "Ukizaa, yatakwisha." Sponji alimtazama kwa huruma. Yeye na mumewe walikuwa wanamtafuta mtoto tangu waoane, na mtoto hakuonekana. Kuambiwa dawa yake ni kuzaa kulikuwa sawa na kumwambia mtu aliyefungiwa nje kwamba dawa yake ni kuingia ndani.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole aliyezoea kukaa karibu na watu wanaoelekea kugonga ukuta bila kupandisha sauti. Naye alikwenda kupimwa, akaonekana hana kasoro. Hata hivyo, siku moja wakiwa mezani alijitolea mhanga mbele ya mama yake.

"Mama, pengine tatizo ni mimi."

Kijiko kilimponyoka mama. "Wewe? Katika ukoo huu? Kula wali wako."

Mama mkwe hakuwa mkali. Angekuwa mkali, Sponji angejua pa kumshika. Yeye alikuwa mtu wa zawadi. Kila alipotembelea alileta soksi za mtoto mchanga, za sufu, za rangi zote. Alikaa, akaziweka mapajani mwa mkwewe, akashusha pumzi ndefu, akaomba chai. Soksi zilipojaa droo, Sponji alizibeba hadi karakana akazivisha miguu ya viti ili visikwaruze sakafu. Zilikaa vizuri ajabu.

Mama mkwe alipoingia na kukuta seti nzima ya viti imevaa soksi za njano, macho yalimtoka.

"Mwanangu! Si soksi za mjukuu wangu hizo?"

"Zinamsubiri, mama," alisema Sponji bila kupepesa. "Ila zinasubiri huku zikifanya kazi."

Mama alikaa kwenye kimojawapo cha viti vile, akageuzia mazungumzo kwenye sifa za binti yake, kama kawaida yake. Huyo wifi yake Sponji alikuwa karani wa posta na mama wa watoto wanne. "Mtazame wifi yako. Hajui hata kichwa kuuma. Akipishana tu na mumewe ukumbini, tumbo hilo."

Ndipo Sponji aliposikia kwamba hospitali kubwa inatafuta wanawake wenye maumivu ya hedhi kwa ajili ya utafiti. Alikwenda. Alipokewa na daktari wa kike, mfupi, mwenye miwani inayomteremka puani, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho bila kumtaja mtoto. Kisha akamweleza kwamba upo ugonjwa uitwao endometriosisi: nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali isipotakiwa, kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya tumbo. Inauma, inagandisha viungo, na wakati mwingine inazuia mimba. Utafiti wao ulitafuta viashiria vyake katika damu.

"Kwa hiyo damu yangu itanisema?" aliuliza Sponji.

"Itasema, lakini si ya kuamini moja kwa moja. Kiashiria tunachokijua kikipanda, huenda ni ugonjwa huu, huenda ni uvimbe mwingine, huenda ni hedhi tu. Na kikiwa chini, hakikutoi hatiani."

"Basi ni kama jirani yangu mmoja. Anazua kutwa, mara mojamoja anapatia."

Daktari alicheka mpaka akaivua miwani. "Ndiyo maana tunataka majirani wengi. Wakisema jambo moja kwa pamoja, tutaanza kuwasikiliza. Kwa sasa, anayetaka uhakika inabidi tumwingizie kamera tumboni kupitia tundu dogo, tuone kwa macho."

Sponji akakubali damu, akakubali na kamera.

Asubuhi ya kutoa damu alikaa kwenye benchi la kusubiria karibu na mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho. Kilichobaki kuonekana ni viatu, na viatu vile vya manjano vilikuwa jozi moja tu mjini.

"Wifi?"

"Siye mimi," ulisema mtandio.

"Siye wewe nani?"

Wifi alivuta barakoa kwa hasira. Alikuja kupangiwa siku ya kufunga kizazi. Wanne walimtosha, mumewe aliafiki, ila mama asijue, maana angelala mlangoni asimpishe. Na kwa kuwa daktari angemfungua kwa kamera hiyohiyo, walimwomba damu ili ilinganishwe na ya wagonjwa.

"Wanataka damu ya mtu mzima wa afya," alisema akijitutumua. "Ndiye mimi."

"Hongera, mzima," alisema Sponji, na palepale wakala njama. Kila mmoja angemfichia mwenzake. Siku ya upasuaji, ambayo ilipangwa iwe moja, wangemwambia mama wanakwenda kwenye semina ya ujasiriamali, na kwa wema wake abaki na watoto.

Ilikwenda vizuri mpaka mchana. Sponji alizinduka kinywa kikavu, daktari amesimama kando ya kitanda. Wamekuta ugonjwa, akamwambia, tena si mdogo. Ovari moja iligandamana na utumbo, mrija ulivutwa ukapinda. Wameondoa walichoweza. "Na kiashiria chako cha damu kilikuwa cha kawaida kabisa. Tungekitegemea hicho, tungekurudisha nyumbani."

Sponji alilia kidogo, machozi ya mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba hakuwa mwongo. Kisha daktari akaenda kitanda cha pili, akavuta pazia. Pazia la hospitali huficha sura, sauti hailihusu.

"Kizazi tumefunga salama. Ila kuna jambo. Tumekuta na kwako madoa ya ugonjwa huo, na kiashiria chako kiko juu."

"Changu mimi? Mimi mzima!"

"Wapo wenye nao wasiohisi kitu, na wanazaa."

Pazia likasema, "Wifi, umesikia?"

"Sikusikia," alisema Sponji. "Rudia."

Wifi hakuwahi kurudia, kwa sababu mama mkwe alikuwa mlangoni na chupa ya chai, watoto amewaachia jirani. Alikuwa amempigia mwanawe simu kuulizia semina iko wapi, na mwalimu wa udereva, ambaye hajui kusema uongo, akajibu, "Semina ya... tumbo."

Mama alitazama kitanda hiki, akatazama kile. Wifi, bado amelewa dawa, akamwaga yote: kizazi, madoa, viashiria, hata viatu. Mama akavuta kiti taratibu.

"Asiyezaa anao. Aliyezaa mpaka akafunga, naye anao huohuo."

"Ndiyo, mama," daktari alijibu.

"Na unakwenda kwenye familia?"

"Wakati mwingine," alisema daktari. "Mama na binti, dada na dada."

Mama alimimina chai akasahau kuinywa. "Baada ya kaka yako," alimwambia binti yake, "nilikaa mpaka watu wakaniita kisiki. Kila mwezi nauma shuka ili mama mkwe wangu asisikie. Nawe ukaja tu siku moja, sijui ulipitia wapi."

"Mbona hukusema, mama?" aliuliza Sponji.

"Ningemwambia nani? Nilidhani ndivyo mwanamke anavyoundwa." Akamshika Sponji mkono, akaubana, halafu akamgeukia binti yake. "Na wewe wa kufunga, tutaonana nyumbani."

Maumivu ya Sponji hayakuisha, ila yalipungua akawa anamaliza kochi bila kulilalia. Mtoto hajaja, na daktari hakuahidi. Alisema tu mlango ambao ulikuwa umebana sasa una nafasi. Soksi zilikoma. Badala yake mama mkwe alihamia karakana, akawa akiwasomesha wateja wa kike habari za "endometrosi", akichora ovari hewani kwa kidole. Wengine walicheka. Wengine walibaki nyuma, wakauliza kwa sauti ya chini yule daktari anapatikana wapi.

Siku ya Sponji kurudi kuangaliwa, mama alifuatana naye, akakunja mkono wa gauni, akalaza mkono wake mezani mbele ya daktari.

"Na mimi nitoe damu."

"Mama, tunachukua walio bado kwenye hedhi tu. Wewe umeshapita."

Aliushusha mkono wa gauni kunjo kwa kunjo. Njia nzima ya kurudi hakusema na mtu, isipokuwa kila baada ya muda aliuliza dirisha la gari damu yake imekosa nini, na Sponji akaelekeza uso upande wa pili ili asionekane anavyocheka.