Maji Yaliyomwagwa Kiwanjani Handeni

Mwaka 2006, mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na miaka arobaini na minne, niliripoti Handeni kuwa mwandalizi wa kiwanja cha helikopta. Nilikuwa mjane, na cheti cha kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni. Msimamizi wa Viwanja alinipokea kwa maneno machache: "Mama, rubani haogopi upepo. Anaogopa vumbi."

Ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mapanga ya helikopta yakikaribia ardhi kavu huinua vumbi hata rubani asione anapotua. Hivyo tulichora alama ya kutua kwa chokaa, tukasimika soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavuma kutoka wapi, kisha boza, lori lenye tangi la maji, likalowesha ardhi yote.

Mwaka wangu wa tatu tulitangaziwa kuwa Mkuu wa Nchi angeruka kutoka Korogwe. Visima vilikuwa vimekauka. Boza lilipofika, jirani yangu Bi Mwanahamisi, muuza maandazi, alisimama mbele yake na ndoo mbili.

"Mama Zuhura, hata nusu boza?"

"Dada, rubani akipofuka kwa vumbi nitamjibu nani?"

"Haya, inywesheni ardhi. Sisi tutalamba umande."

Tukamwaga.

Baadaye siku hiyo wingu likashuka kutoka milima ya Usambara, likafunika Korogwe. Rubani alikataa kuruka. Mgeni alikuja kwa gari, akapita kando ya kiwanja kilicholowa.

"Sasa maji yetu yamempokea nani?" aliuliza Bi Mwanahamisi.

Juma lile nilimwomba Msimamizi kiwanja kiwekwe zege, ili kisidai maji tena.

"Zege kwa mgeni wa dakika kumi?"

"Na maji je, mzee, kwa mgeni huyo huyo?"

Rubani yule aliyekataa kuruka, aliyekuwa amekaa naye, akacheka. "Wingu halimpigii mtu saluti, mzee. Siku nyingine sitafika vilevile. Mpe mama zege lake."

Msimamizi aliliwasilisha ombi, nami nikalifuatilia kila bajeti.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama niliwahi kumshika mkono Mkuu wa Nchi. Sikuwahi. Rubani yule ndiye aliyenifunza kwamba kazi ya kumhudumia mkubwa ina neno "hapana" ndani yake. Langu lilichelewa.

Tarehe 14 Juni 2013 kiwanja cha zege kilikabidhiwa rasmi. Boza lilipita mbele yetu bila kusimama, likakunja kona kuelekea kwa Bi Mwanahamisi.