Mashine Iliyomtemea Vumbi Usoni

Saa moja na robo asubuhi, mlango wa nyuma wa teksi nyeupe uko wazi, na kinachoonekana kwa nje ni kandambili mbili za bluu tu. Mwenye kandambili yuko ndani, amepiga magoti, kichwa kimezama chini ya kiti cha dereva. Anasugua kapeti kwa brashi kavu. Vumbi linatimka, kisha kikohozi kinaanza.

Anakohoa mpaka gari linatikisika. Dereva wa teksi, aliyekaa kwenye benchi na simu yake, anauliza bila kuinua macho, "Mama, bado sana?"

"Kimebaki kifua tu, baba. Gari limekwisha."

Kituo hiki kina waosha magari saba. Sita wako nje na maji na povu. Ndani ni kwake peke yake, na ndiyo maana wenzake wakambatiza Waziri wa Mambo ya Ndani. Siku hizi wanamwita Waziri tu. Ana miaka hamsini na mbili, kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza chini ya viti vya watu, magari tisa kwa siku.

Mwaka jana daktari alimwekea picha ya kifua chake mbele ya taa. "Akaniambia, mama, brashi kavu sasa basi. Tafuta mashine ya kufyonza vumbi, la sivyo hiki kifua hakitakungoja uzeeke."

Maneno hayo aliyafikisha kwa tajiri wake, mwenye kituo. Tajiri akacheka, akamshauri ajifunge kitambaa puani.

Msomaji aniwie radhi, hapa nimeshindwa kuandika kwa upole. Mwezi ule ule tajiri huyo alinunua pampu mpya ya maji, akaifunga mbele kabisa, barabarani, wapita njia waione. Vumbi la ndani mteja halioni, basi halina fungu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na anayepumua vizuri hamjui anayekohoa.

Waziri akajinunulia mwenyewe. Kifyonzavumbi kidogo cha mkononi, chekundu, kwa kipato cha siku kumi na moja. Boksi lilisifia nguvu zake kila upande, na lilikuwa na picha ya mwanamke anatabasamu ndani ya gari. "Nikasema na mimi nitatabasamu."

Mchanga mashine ilivuta. Shida ilikuwa lile vumbi laini, ndilo hasa la kuua. Liliingia mbele, likapenya kwenye chujio jembamba kama kitambaa cha chandarua, likatokea kwenye matundu ya nyuma. Na ukiwa umejikunja chini ya kiti, nyuma ya mashine ndipo ulipo uso wako.

"Brashi ilikuwa inanirushia vumbi kwa bahati mbaya," anasema. "Ile mashine ilikuwa inanilenga."

Alipoirudisha dukani, waliiwasha, wakaisikiliza ikinguruma, wakamrudishia. Inafyonza, walisema, kwa hiyo si mbovu. Mpaka leo akisimulia habari hiyo anapiga paja lake kwa kiganja, na sauti inapanda.

Alhamisi ni siku yake ya mapumziko. Ninaongozana naye kwenda duka jingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Waziri hataki tena kusomewa boksi. Mkobani ana nusu kilo ya unga wa ngano na kitambaa cheusi.

Muuzaji ni kijana nadhifu, shati jeusi limepigwa pasi. Anamkaribisha vizuri, anamwekea mashine kubwa juu ya kaunta. "Hii ndiyo baba lao, mama. Inafyonza hata msumari."

"Kifuani sina misumari, mwanangu. Nina vumbi. Fungua tuijaribu."

"Boksi halifunguliwi mpaka ulipe. Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Nguo naijaribu, kiatu nakivaa, hata tikiti nalipiga kofi kwanza! Mashine ya kuniokoa roho ndiyo ninunue kwa macho?"

Wateja wawili wanageuka. Kijana anakubali kutumia ile ya maonyesho, ya aina ile ile. Waziri anamwaga unga kwenye zulia la mlangoni, anampa kijana kitambaa cheusi akishike nyuma ya mashine, waone kinachotoka.

"Haina haja, mama. Hii haitoi kitu."

Anaiwasha, anainama. Unga unapotea zuliani kwa sekunde chache, na kijana anataka kutabasamu. Kisha anajiangalia. Shati limekuwa jeupe kuanzia kola mpaka mfukoni, na anaanza kukohoa.

Mimi nimecheka, nakiri. Waziri hakucheka.

"Umekohoa mara tatu," anamwambia, "na huo ni unga wa kula. Mimi vumbi langu ni mchanga, manyoya ya mbwa, na nywele za watu nisiowajua. Miaka kumi na mmoja. Halafu mnaniandikia kwenye boksi kwamba ni mashine ya usafi!"

Kijana anajipangusa, anakwenda rafu ya chini kabisa, anarudi na mashine ya kijivu isiyo na picha ya mtu yeyote. Haina betri, ina waya mrefu wa kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Chujio lake ni nene, limekunjwa mikunjo mikunjo, na linafuliwa. Safari hii anafungua boksi bila kuambiwa, anaichomeka kwenye betri ya gari ya kujaribia iliyo chini ya kaunta, na kitambaa anakishika mwenyewe.

Unga unaondoka zuliani. Kitambaa kinabaki cheusi.

Waziri anakichukua, anakipeleka dirishani penye mwanga, anakigeuza upande wa pili. Kisha anauliza bei. Ni kipato cha siku ishirini na sita, na yeye ameweka akiba ya siku kumi na nne.

"Nitakufichia mpaka Jumamosi, mama," kijana anasema kwa sauti ya chini. "Nyingine kama hii hatuna."

Nje ya duka tunasimama kivulini. Ana mpango aliouwaza tangu jana, na mpango wenyewe ni wa kesho asubuhi. Atamwambia tajiri amalizie bei ya mashine, na mpaka mashine ifike hatapiga magoti ndani ya gari lolote.

Namuuliza kama haogopi kufukuzwa.

"Naogopa sana. Usiku sikulala." Anakohoa, anasubiri kikohozi kipite. "Lakini akinifukuza, kazi nyingine nitaitafuta. Kifua kingine nitakitafuta duka gani?"