Ngozi ya Dume Sebuleni

Mjukuu wangu anajenga nyumba ya wageni pale Makambako. Juzi alinishika mkono akanitembeza ndani: kuta za magogo yenye magome, pembe za ng'ombe juu ya mlango, meko ya mawe ukutani. "Bibi, huu ndio mtindo wa Kizungu," akaniambia. Nilimsifu, maana kazi ni nzuri. Lakini wewe nikwambie kweli. Sebule kama ile niliijua utotoni, wakati wa Mwingereza, na ilibaki kidogo ituvunjie ukoo.

Baba alikuwa seremala kwa mlowezi mmoja mwenye shamba upande wa Makambako. Kila Jumamosi alirudi nyumbani Njombe, nguo zikinuka utomvu, akitusimulia sebule ya yule Mzungu. Mwaka ule baridi ilikuwa kali. Tulikwenda shule na viazi vya moto viganjani ili vidole visife ganzi. Baba akaamua na sisi tuwe na sebule ile. Mimi na dada tulibeba mawe kutoka mtoni, mama akakanda udongo. Jirani alipoona magogo akauliza, "Hata hujayaranda? Unajenga zizi?" Baba alicheka tu.

Kikabaki kitu kimoja: ngozi ya kutandika mbele ya meko. Bibi, mama yake baba, alikuwa na ngozi ya dume la ng'ombe lililochinjwa kwenye matanga ya babu. Aliilalia kila siku, na hakuna mtoto aliyethubutu kuikalia. Jumapili asubuhi, bibi akiwa ametangulia kanisani, baba aliingia kibandani kwake, akaichukua, akaitandika mbele ya meko.

"Baba watoto, irudishe kabla mama yako hajafika," mama akamwambia.

"Kwa Mzungu wanaitandika hivi hivi. Ataipenda."

Tulipotoka kanisani, akamkaribisha bibi na jirani. Bibi akasimama kizingitini, macho kwenye ngozi. Kuni zilikuwa zikipasuka motoni.

"Pita ndani, mama."

"Nipite juu ya nani?"

Bibi akapita pembeni, mgongo ukisugua ukuta, asiikanyage. Akainama, akaikunja ngozi, akaipandisha kichwani.

"Nakwenda Kidugala kwa binti yangu," alisema. "Yeye bado ana mama."

"Mfuate," mama akanong'ona.

"Atarudi mwenyewe," baba akasema.

Hakurudi. Manyunyu yalianza, yale ya baridi yasiyokatika. Tulikula kande, kila mmoja akitazama bakuli lake, na mama akakataa kabisa kuwasha yale meko. Kisha mpita njia akaleta habari: bibi anakohoa na chakula anakirudisha bila kukigusa. Baba aliweka randa chini, akanichukua. Nadhani alihofia kwenda peke yake.

Bibi alikuwa amekaa barazani kwa shangazi, amejifunika blanketi. Baba hakufika barazani. Alipiga magoti uani, kwenye matope, watu wakitazama.

"Kamwene, mama," akamwamkia.

Bibi alitazama vilima. Shangazi akaacha kutwanga. Maji yalimchuruzika baba shingoni na hakuyafuta. Nilimshika shati, nikaogopa kwamba tutarudi kama tulivyokuja, na kwamba tangu siku ile sitakuwa tena na bibi.

"Umekula?" bibi akauliza.

Baba akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Siku manyunyu yalipokatika, tulirudi naye polepole, baba akiibeba ngozi kichwani mwake, mwanamume mzima, na watu wa njiani wakigeuka kumtazama. Aliitandika mwenyewe kibandani kwa bibi.

Nyumba ile haipo tena. Magogo yaliliwa na mchwa, na baba, mama, bibi, hata shangazi, wote wamelala makaburini. Magogo na pembe mjukuu wangu amevipata upya, tena vizuri kuliko vyetu. Ila nimeona ndugu wengi wakikosana tangu wakati ule. Siku hizi wanatumiana ujumbe kwa simu, au wananyamaziana mpaka msibani. Sijaona tena mtu mzima akipiga magoti matopeni, akangoja, bila kujua kama ataitikiwa.