Siku Mama Yangu Alipojiita Baba Zahanatini

Ndugu msomaji, kosa langu lina silabi mbili tu. Nililitenda mchana kweupe, mbele ya wazee, kwa kalamu ya wino niliyoinunua Kampala nilipokuwa chuo kikuu, na nikapigiwa makofi. Jina langu sitalitaja. Wanaonijua watanitambua, na wasionijua wasijipe kazi ya kunichukia bure.

Kama hukuzaliwa huku kwetu, nikueleze jambo moja kwanza. Kwa Kiswahili, baba ni baba, yule mwanamume mwenye fimbo na kodi. Kwa Kigusii, baba ni mama. Naam! Mtoto wa Nyamira akianguka akalia "baba", anayekuja mbio ni mama yake mzazi. Baba yake anaitwa tata. Shuleni tulichapwa mpaka tukaacha kuyachanganya hayo mawili, na mimi nilichapwa kuliko wenzangu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Miaka michache iliyopita baraza letu la wilaya lilitaka kufungua zahanati Kebirigo. Watu wangetozwa ushuru kidogo juu ya kodi, na kila aliyemo katika mpango angetibiwa bila kuulizwa kitu mlangoni. Jambo zuri! Shida ilikuwa swali moja: nani yumo?

Mzee Ombati wa Nyaramba, aliyewasemea wazee wa vijijini, alitaka akina mama waandikwe kwanza, kila mama na watoto wake, na wajane wakiwemo. Alisema hajawahi kuona mwanamume amembeba mtoto mwenye homa mgongoni. Mzee Ramadhani, mwenye duka la nguo Kisii mjini, aliwasemea wafanyabiashara. Hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Alisema dawa ni chache, basi atibiwe mwanamume mlipa kodi na watoto wake, la sivyo kabati litakuwa tupu kabla mwezi haujaandama.

Wakabishana asubuhi nzima. Wa vijijini walisema Kigusii, wa mjini Kiswahili, na mimi katibu nilikuwa katikati kama daraja, nikikanyagwa na wote. Mwishowe bwana mkubwa wa serikali akatazama saa yake, akasema kama hatuna sharti moja tulilokubaliana wote kufikia jioni, fedha zitakwenda kutengeneza barabara.

Hapo shetani wa usomi akaninong'oneza. Nikaandika kwa Kiswahili: "Kila baba atatibiwa bila malipo, pamoja na watoto wake."

Nikawasomea watu wa mjini. Ramadhani akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Kisha nikawageukia wazee wa vijijini na kuwatafsiria kwa Kigusii, neno kwa neno. Nilipofika kwenye lile neno sikulitafsiri. Nililiacha lilivyo, nikalipitisha kama mtu anayepita sokoni na kuku wa jirani chini ya koti. Ombati akasikia mama. Akasimama kunishika mkono.

Makofi! Pande zote mbili! Nilijiambia kwamba siasa ndivyo ilivyo: kwanza mlango ufunguliwe, mengine wataelewana ndani. Jioni ile nilikula nyama ya mbuzi kwa watu wa vijijini na pilau kwa watu wa mjini. Sijawahi kushiba namna ile tena.

Nikafanya kosa la pili lililozaliwa na la kwanza. Nilikwenda nyumbani kujisifu. Mama yangu ni mjane na mtu wa maneno machache. Nilimwambia kwa Kigusii kwamba zahanati ikifunguliwa kila baba atatibiwa, na kwamba maneno hayo yameandikwa na mwanawe. Akasema basi lile shamba aliloliuza ili nisome limeanza kuota.

Nikarudi mjini kwenye meza yangu.

Sasa nikupe habari niliyoipata baadaye kwa jirani, maana mama mwenyewe hakunieleza. Jicho lake la kushoto lilianza kuwasha na kutoa usaha. Zahanati ilikuwa imefunguliwa. Akavaa leso yake ya kanisani, akatembea mpaka Kebirigo, akasimama kwenye foleni. Dresa, yule msaidizi wa daktari anayegawa dawa, alikuwa kijana aliyetoka pwani, hakujua Kigusii hata cha salamu. Aliuliza kila mtu kwa Kiswahili: wewe ni baba mwenye nyumba, au umeletwa na baba mwenye nyumba?

Mama yangu akasikia neno la mwanawe. Akajinyoosha.

"Mimi ni baba," akasema. "Baba wa watoto wanne."

Dresa akamtazama. "Mama, wewe ni baba?"

"Mimi baba. Mwanangu ndiye aliandika."

Foleni nzima ikacheka. Wanaume waliojua Kiswahili walicheka, na wasiojua wakacheka kwa sababu wenzao wanacheka. Dresa alijaribu kuwanyamazisha, akamwambia kwa heshima kwamba asiye katika mpango anaweza kulipia dawa, wala si ghali. Mama alikuwa na fedha hizo fundoni. Si umaskini uliomrudisha nyumbani, ndugu yangu, ni kile kicheko. Aligeuka, akatembea njia yote, akalikanda jicho kwa majani, na hakurudi tena.

Nilipokwenda kumwona, jicho lilikuwa jeupe kama maziwa. Daktari wa Kisii alisema marhamu ya zahanati ingeliokoa kama lingewahiwa. Wajane wengine wa kijiji, waliposikia yaliyompata mama wa msomi, hawakujaribu hata kwenda. Lo, nilitamani ardhi inimeze pamoja na kalamu!

Nilipiga magoti, nikamweleza kila kitu: sentensi, makofi, mbuzi na pilau. Nilitazamia alie au anifukuze. Yeye alikuwa akichambua mboga, na hakuacha.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, baba."

"Sasa nenda uandike mama, uone kama watakupigia makofi."

Nikaomba nafasi barazani. Rafiki zangu walinishauri niache. Walisema nikilifungua lile neno, mpango wote utabomoka na Kebirigo itarudia mitishamba. Walikuwa na haki ya kuogopa. Hata hivyo nilivaa suruali yangu nzuri ya chuo kikuu, nikaenda.

Nikasimama, nikasema kwa lugha zote mbili kwamba lile neno niliacha kulitafsiri kusudi.

Ombati alichukua muda kuelewa. "Basi sisi tulipigia makofi mama, na hawa wakapigia baba?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ulikuwa unapigiwa nini?"

Ramadhani alikuwa wa kwanza kucheka, kisha akauliza mama wa nani alirudishwa. Nikamwambia. Akavua kofia yake akaiweka mezani, na hakucheka tena siku hiyo.

Usidhani walilainika! Walibishana mpaka sauti zikakauka. Watu wa Nyaramba wawili walitoka nje wakaapa hawarudi, wakarudi wakati wa chai. Mwishowe wakakubaliana: kila mama na watoto wake wamo, na mjane yumo kwa jina lake mwenyewe. Wanaume wazima watatibiwa homa na majeraha, ila kichwa kinachouma Jumatatu asubuhi kila mmoja ajilipie. Wenye maduka wataongeza ushuru, na kwa kuwa wameongeza, wa vijijini watajenga nyumba ya dresa kwa mikono yao. Vibarua wa mashamba ya chai wasio na boma hapa bado wako nje, na hilo linaniuma. Hatujafika kwa wote. Lakini safari hii kila mtu anajua nani ameachwa.

Niliandika "mama", nikaeleza neno hilo kwa Kigusii mara mbili, nikasoma. Hakuna aliyepiga makofi. Walikusanya kofia zao wakaondoka wamenuna, pande zote mbili.

Kwa hiyo wewe unayeandikia watu masharti, kamati ya maji au chama cha ushirika, jihadhari na neno linalomfurahisha kila mtu. Kuvumiliana si kila mmoja kusikia lake. Mkubaliane mkiwa mmenuna, mradi mmesikia kitu kimoja. Usipofanya hivyo, kuna mtu atakwenda na neno lako mpaka mlangoni, amevaa leso ya kanisani, na utakuwa mbali.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba hawakupiga makofi hata kidogo. Akanigeuzia lile jicho lake zima.

"Basi labda wamesikia," akasema.