Nilivyolihoji Boti la Pontuni

Miaka thelathini na tatu nililipwa mshahara wa kutomwamini mtu. Nilipostaafu upolisi nilirudisha sare, buti na mkanda, lakini tabia hiyo hakuna aliyenionyesha pa kuirudisha. Kwa hiyo nilipoamua kununua boti la kutembelea ziwani, sikwenda kama mnunuzi. Nilikwenda kama mpelelezi, na daftari mfukoni.

Nililitaka boti la pontuni. Sakafu yake ni tambarare kama baraza ya nyumba, imekalishwa juu ya mapipa mawili marefu ya aluminiamu, juu kuna turubai na pembeni viti vya sofa. Niliwahi kulilinda moja. Nilisimama nyuma na bunduki siku nzima, wake wa wakubwa wakila samaki wa kuchoma na kucheka, na hakuna hata mmoja aliyelowa kidole. Siku ile niliapa kwamba mke wangu naye atakaa hivyo. Wakati huo yeye alikuwa kambini analea watoto wanne ndani ya chumba cha bati cha mviringo, mimi nikihamishwa leo kaskazini, kesho mpakani. Nilimwacha peke yake miaka mingi mno, na hilo nalijua. Kwa kuwa sikujua namna ya kumwomba radhi, niliona nimnunulie boti.

Kiinua mgongo hakikuwa kikubwa. Baada ya kuezeka paa upya, kilichobaki kingetosha boti lililokwisha kutumiwa, tena na mtu asiyejali sana sura. Nilimweleza mke wangu nikamwuliza anaonaje, akasema sawa, nikaanza kazi.

Kawempe, pembezoni mwa Kampala, nilimpata fundi wa kuchomelea vyuma aliyesema atanitengenezea langu kwa mapipa ya plastiki, yale ya bluu. Niliinamisha pua kwenye pipa moja nikapokewa na harufu ya kupofusha. Nikamwuliza lilibeba nini. Akasema juisi. Nikamwambia alijaze maji anywe kikombe kimoja nimwone. Alicheka akidhani natania. Mimi sikucheka, nikaondoka.

Wa pili tulikutana kwenye hoteli moja ya Nakasero, jamaa mwenye tai na simu tatu. Alinionyesha picha za boti safi kabisa, akasema liko Entebbe, linangoja malipo ya kwanza tu. Nilizikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya boti kulikuwa na mlima mweupe kwa theluji. Nimepangwa kazi Entebbe mara mbili na sikuwahi kupewa koti la baridi. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho, nikaagiza na sambusa, kisha nikamwachia bili. Mbuzi wa kwenye gunia hakuuzwa siku hiyo.

Nilipoambiwa kuna boti lingine Bugolobi, nilimchukua mke wangu ili alione mwenyewe. Nyuma ya yale maghorofa, upande wa viwanda, kulikuwa na uwanja uliojaa friji za hoteli, jenereta na viti vya plastiki, na katikati, juu ya trela, boti la pontuni lenye turubai la kijani. Lilikuwa zuri. Bei yake ilikuwa nzuri zaidi, na hapo ndipo moyo wangu ulipofunga mlango. Kitu kizuri kwa bei nzuri kimeibwa, au kimeharibika, au vyote viwili.

Mwenye uwanja alikuwa Muganda wa makamo, mpole, amevaa buti za mpira. Mimi mtu wa kaskazini, Kiluganda changu ni cha sokoni, kinaishia kwenye nyanya na ndizi. Kiingereza nakijua, lakini Kiingereza humpa mtu nafasi ya kutunga uongo. Nikachagua Kiswahili. Wasomaji wa pwani wanisamehe: kwenu ni lugha ya kubembelezea mtoto, lakini Kampala wapo wazee wengi waliokisikia mara ya kwanza kwa mtu aliyeshika bunduki. Nilijua hivyo, na ndiyo sababu nilikitumia.

"Hii boti ulitoa wapi?"

"Kwa hoteli ya kisiwani, afande. Hoteli ilifunga."

Sikuwa nimemwambia kazi niliyofanya.

"Karatasi iko?"

"Iko, afande."

"Ilishapasuka?"

"Hapana, afande."

Tulifundishwa kuuliza swali moja mara tatu: mtu akiwa amesimama, mtu akiwa ameshughulika, na mtu akidhani umemaliza. Nilimwuliza tena alipokuwa akitafuta funguo za injini. Nikamwuliza tena nikiwa nimeshafunga daftari, nikijifanya natazama turubai. Mara tatu alijibu hapana, tena haraka, na jasho likimtoka puani.

Ndipo nikachukua spana iliyokuwa chini nikagonga pipa la kulia. Lililia kama sufuria tupu. Nikagonga la kushoto, kuelekea nyuma, likatoa sauti ya mtungi wenye maji. Nikapiga magoti. Chini ya rangi mpya kulikuwa na mshono wa kuchomelewa, mrefu kama kiganja. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa nimekuja kutafuta boti, lakini kupata mwongo kulinipendeza zaidi.

Nikaanza kumsomea makosa yake, na kumwambia kwamba bado nina marafiki kazini. Mke wangu, ambaye muda wote alikuwa amesimama karibu na friji, akanigusa kiwiko. "Mzee, nenda ukaangalie injini," akasema. Nikaenda kuiangalia injini, ambayo sielewi chochote juu yake.

Nikiwa kule niliwaona wameketi juu ya kreti za soda, Kiluganda, lugha ya kwao wote wawili, kikimiminika. Yule mwanamume alieleza kwa mikono, akasimama, akaingia stoo, akatoka na bahasha na ufunguo wa kizibo cha pipa. Wakati mmoja hata alicheka. Robo saa baadaye mke wangu alinijia na kila kitu. Pipa la kushoto liligonga jiwe gatini kule kisiwani, likachomelewa, bado huvuja kidogo, na maji hutolewa kwa kufungua kile kizibo. Pangaboi la injini, lile linalosukuma maji, limepinda pia, jambo ambalo mimi sikuliona. Barua ya hoteli ipo, ina muhuri. Na bei ni ndogo kwa sababu ya hilo pipa, wala hakuna siri nyingine.

"Haya yote amekwambia tu?" nikamwuliza.

"Nilimwuliza lina shida gani," akasema. "Akaniambia."

Nilimfuata yule bwana. Sasa nilitaka kujua kweli. "Mimi kwa nini uliniambia hapana?"

Alizitazama buti zake. "Afande, unisamehe. Wewe uliuliza kama mtu ya kituo. Mtu ya kituo akiuliza, unatafuta ile jibu inamaliza maneno. Ukisema ndiyo, imepasuka, atasema nani alipasua, nani aliona, karatasi ya fundi iko wapi. Unaweza lala ndani ya selo sababu ya boti. Huyu nnyabo, huyu mama, aliuliza kama mtu anataka kununua."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilimpa mkono, nikamwomba radhi, nikasema tutarudi kesho na fundi wa kulikagua. Alinishukuru mara nyingi kupita kiasi, akatusindikiza mpaka kwenye gari.

Njiani nilikuwa mwepesi wa moyo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kutafuta, kulikuwa na boti la kweli, kasoro zake tunazijua na bei tunaiweza. Foleni ilikuwa imesimama, nami nilikuwa nalipanga lile boti kichwani: jiko la mkaa hapa, wajukuu pale.

"Wewe utakaa mbele, penye kivuli," nikamwambia. "Unafurahi?"

"Ndiyo," akasema.

Alijibu haraka. Alijibu kabla swali halijatulia, macho yake yako barabarani, na sauti yake haikuwa na furaha wala huzuni. Jibu la namna hiyo nilikuwa nimetoka kulisikia mara tatu kule uwanjani. Nikaogopa, kwelikweli, kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu mwenye silaha.

Niliingiza gari kwenye kituo cha mafuta nikazima injini. Nikamwuliza kwa Kiluganda changu kibovu kama boti analitaka. Alinisahihisha neno moja tu. Swali la pili lilikuwa tayari mdomoni, nikalimeza. Kunyamaza nako ni mbinu yetu ya kazini, kwa hiyo nikageuka nikatazama pampu, asije akadhani namngoja.

"Naogopa maji," akasema. "Tangu mtoto. Hata feri ya visiwani sijawahi kupanda."

Watoto wanne, wajukuu sita, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kila watu wanapoficha jambo.

"Mbona uliniambia sawa?"

"Uliniuliza umesimama, kama mtu wa kituo."

Sikukumbuka kama nilisimama. Nilijua tu kwamba lazima nilisimama.

"Na siku ya kupanda ingefika, ungefanyaje?"

Alifikiri. Safari hii hakuwa na haraka.

"Ningepanda," akasema. "Ningeshika kile chuma cha pembeni, ukicheka nicheke, mpaka turudi nchi kavu."